Mume anataka leza, shemeji anataka ya tanki, na mimi nataka printa isiyonitoa machozi

Fundi habari za kazi,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila leo ndo naandika mara ya kwanza, nimefika mwisho. Nyumbani tuna printa ya rangi, ile ndogo yenye katriji mbili, moja nyeusi na moja ya rangi tatu, tuliinunua kwa ofa miaka miwili iliyopita tukajiona wajanja kweli. Saivi iko juu ya kabati imefunikwa kitambaa kama mgonjwa.

Shida yake ni hii, watoto wakifunga shule inakaa wiki tano sita hakuna wa kuigusa, wakifungua tu homuweki ya kwanza inatoka na mistari mistari. Mwezi uliopita mwanangu wa kati aliprinti mchoro wa moyo wa somo la sayansi, ule wenye mishipa myekundu na ya buluu, basi mishipa myekundu yote ikatoka NJANO na ile ya buluu ikatoka rangi ya maji ya bwawa. Mtoto akalia, mwalimu atasema huyu mtu anaumwa. Nikabonyeza ile ya kusafisha kichwa kwenye kompyuta mara saba, nilihesabu, mara ya saba ikaniandikia wino wa rangi umekwisha. Yaani umeishia kwenye kusafisha! Nikaenda kuulizia katriji mbili mpya nikatajiwa bei nikacheka, ilibaki kidogo tu ifikie bei ya printa yote.

Na si watoto tu. Mimi natengeneza sabuni ya maji kidogo kidogo, nauzia watu ninaofahamiana nao, na lebo naprinti mwenyewe kwenye stika. Lebo yangu ina kijani mwanzo mpaka mwisho, jina liko katikati kwa nyeupe, imependeza sana jamani. Ila katriji ya rangi mpya kabisa inanipa kama karatasi nane tu halafu kwisha, na mteja akishika chupa kwa mkono wenye maji kijani kinachuruzika mpaka kwenye vidole vyake. Mmoja alinirudishia akidhani sabuni inavuja rangi.

Natumia karatasi kama thelathini za stika kwa mwezi, sizitoi kwa mkupuo, naprinti kila nikipika mzigo, tuseme kila wiki au siku kumi. Watoto watatu ukiwajumlisha ni kama kurasa ishirini kwa wiki shule zikiwa wazi. Picha ni mara chache sana, za sherehe tu na zile ndogo za fomu.

Sasa mume wangu anasema tununue leza ya rangi kama ya kazini kwake, haikauki. Shemeji, mdogo wake, anasema tununue ya tanki ile ya kumimina wino kwa chupa, eti tutasahau habari ya wino. Muuzaji naye anataka nichukue nyingine ndogo ya ofa, anasema ina dpi 4800 na ni tatu kwa moja. Wote wanaongea kwa uhakika. Nani ananidanganya? Na hii ya zamani niitupe?

Mama wa Watatu



Mama wa Watatu, salama kabisa, na pole na huo moyo wa njano. Nimeucheka kidogo nisamehe, ila ndo umenipa majibu hata kabla sijamaliza barua.

Printa yako haina wino mwekundu, na haijawahi kuwa nao. Ina samawati, majenta (ile kama waridi iliyokolea), njano na nyeusi, basi. Ikitaka mwekundu inarushia majenta na njano pale pale, ikitaka buluu inachanganya samawati na majenta. Kwa hiyo mwekundu ukigeuka njano na buluu ikigeuka maji ya bwawa, aliyekosekana sehemu zote mbili ni mmoja, majenta. Vitundu vyake vya kurushia wino, vile vya kwenye kichwa cha printa, vimeziba. Siku nyingine ukiona hivyo usikimbilie kusafisha, kwanza toa ile karatasi ya kukagua vitundu, iko kwenye menyu hiyo hiyo ya matengenezo, inatumia wino kidogo mno na inakuonyesha kila rangi na vistari vyake, ukiona rangi moja ina mapengo ndo safisha, mara mbili, ikizidi sana tatu, halafu iache ipumzike hata usiku mzima. Kusafisha ni kuvuta wino kwa nguvu kupitia kwenye vitundu na kuumwaga kwenye sponji lililofichwa ndani chini ya mashine. Wewe ulimwaga mara saba. Na kwa kuwa rangi zako tatu ziko kwenye boksi moja, ukiwinda majenta unamwaga na njano na samawati ambazo hazina kosa lolote.

Mbona unakauka? Vitundu ni vyembamba kuliko unywele, na wino ni maji maji yenye rangi, ukikaa bila kutoka maji yanapotea rangi inabaki imeganda mlangoni. Printa nyingine zinaurusha kwa kuuchemsha kufumba na kufumbua mpaka utoe povu linalosukuma tone nje (Canon wanasimulia kwamba walilipata wazo hilo mwaka 1977, chuma cha kulehemu cha moto kiligusa kwa bahati mbaya sindano yenye wino, wino ukaruka), nyingine zinaubana kwa kijiwe kinachojikunja kikipata umeme. Kwenye kukauka zote ni ndugu.

Kwa hizi zenye katriji mbili kama yako, kichwa mara nyingi kiko kwenye katriji yenyewe, kile kibamba kidogo chini yake. Uzuri wake ni kwamba ukiweka katriji mpya umeweka na kichwa kipya, kwa hiyo printa yako si mfu. Kama katriji ingekuwa bado na wino ningekwambia uitoe, ulowanishe kitambaa kisichotoa manyoya kwa maji ya uvuguvugu, ukiweke kile kibamba juu yake dakika moja hivi bila kusugua, ukiinua uone michirizi mitatu ya rangi imekaa pamoja. Ikiwa miwili, bado. Lakini yako imeshakwisha, kwa hiyo niache kukuchosha. Jaribu kama inakubali kuskani bila wino, kuna zinazokubali na kuna zinazogoma mpaka uziridhishe. Ikikubali usiitupe.

Haya, nani anakudanganya. Mume na shemeji hawakudanganyi, kila mmoja kakwambia nusu yake. Muuzaji ndo nina ugomvi naye kidogo.

Ile 4800 aliyokutajia ni idadi ya nukta ambazo kichwa kinaweza kuzipanga kwenye inchi moja, na mara nyingi ni upande mmoja tu, ukisoma vizuri utakuta 4800 kwa 1200. Haikuambii picha itapendeza kiasi gani wala mashine itadumu vipi. Namba ya kumuuliza ni nyingine, katriji ya rangi inatoa kurasa ngapi na inauzwa shilingi ngapi ukinunua ya kawaida, si ile inayokuja ndani ya boksi, maana ya kwenye boksi mara nyingi inajazwa kidogo. Gawanya bei kwa kurasa hapo hapo dukani kwa simu yako, yeye akiangalia.

Ila hata hiyo namba ya kurasa kwako wewe ni mtego na ndo nataka tukae hapa. Kurasa zinazoandikwa kwenye boksi zinapimwa kwa utaratibu wa kimataifa, ISO/IEC 24711 na 24712 kwa printa za wino, kwa karatasi za majaribio zenye maandishi na vipicha, wino umefunika sehemu ndogo tu, kila rangi ni kama asilimia 5 ya karatasi. Sasa lebo yako ni kijani mwanzo mpaka mwisho. Kijani ni samawati na njano, na wewe umevifunika karibu karatasi nzima. Kwa hesabu ya haraka haraka karatasi yako moja ya stika inakunywa samawati na njano ya kurasa kumi na tano mpaka ishirini za kwenye boksi. Katriji iliyoandikwa kurasa mia na kitu ikikupa karatasi nane hujaibiwa, imefanya kazi yake sawasawa. Yaani mama kuna lebo inayomaliza wino na umekuwa ukiilaumu printa.

Kwa hiyo kabla hujabadilisha printa badilisha lebo. Iache iwe nyeupe, kijani kiwe kwenye jina na mstari mmoja wa pembeni, au jani moja zuri kwenye kona. Au nunua stika ambazo zenyewe tayari ni za kijani uprinti jina kwa nyeusi. Najua unaipenda hiyo uliyonayo, lile jina jeupe katikati nimelielewa, na usidhani printa ina wino mweupe, hapo imeacha karatasi tu. Ila ukiipunguza kijani mpaka robo umepunguza gharama kuliko printa yoyote atakayokuletea shemeji.

Sasa leza ya mume. Haina wino, ina tona, na tona ni unga wa plastiki. Unanasa kwenye karatasi kwa chaji ya umeme halafu unapita kwenye rola za moto karibu nyuzi 200 unayeyuka na kushikana na karatasi. Unga haukauki kwa sababu ni mkavu tayari, unaweza kuuacha likizo nzima ukarudi ukurasa wa kwanza ukatoka safi. Na plastiki hailowani, lebo ya leza ukiimwagia maji rangi inabaki pale pale. Hapo mume wako yuko sawa asilimia mia na mwambie nimesema hivyo.

Lakini. Ya rangi ina tona nne, na siku zikiisha kwa kufuatana ndo utaelewa kwa nini mashine ya kazini inanunuliwa na ofisi. Kwa lebo ya kijani kizima ungeumia vile vile, tona nazo zinapimwa kwa kurasa zenye rangi kidogo. Ni nzito, ni kubwa, si ya kupandisha juu ya kabati. Zile rola zikipasha moto zinavuta umeme zaidi ya wati 1000 kwa muda mfupi, kama kompyuta na taa ziko kwenye ekstensheni moja nayo utaziona zinakonyeza, inatakiwa ichomekwe ukutani peke yake. Picha zinatoka za kukubalika lakini hazina ule mng'aro. Halafu kuna stika. Stika za printa ya wino usiziingize kwenye leza hata kwa dawa, gundi na ule utando wa juu vinayeyuka. Nilishaletewa moja, nikafungua mlango wa nyuma nikakuta stika imejivingirisha kwenye rola ya moto duara zima, lebo kumi na mbili zinanitazama, nikabandua kwa kucha saa nzima na rola yenyewe ilikuwa imeshaharibika. Karatasi ya picha inayong'aa ya printa ya wino ni hivyo hivyo. Zipo stika zilizotengenezwa kwa ajili ya leza, unatafuta hizo tu.

Ningekuwa na mtu anayeprinti mara moja kwa mwezi, maandishi na vichati, picha hataki, ningemwambia chukua leza nenda. Wewe si huyo mtu.

Kwa sababu soma tena barua yako. Umelalamika kuhusu wiki sita za likizo, halafu chini umesema lebo unaprinti kila wiki au siku kumi. Printa itakauka saa ngapi? Ilikuwa inakauka kwa sababu rangi ikiisha kwenye karatasi ya nane unaiacha mpaka upate nguvu ya kununua nyingine. Printa yenye wino wa kutosha, inayofanya lebo zako za kila mzigo, haitafikisha wiki mbili bila kutumika.

Ndo maana nakwenda na shemeji, chukua ya tanki. Katriji ndogo ina mililita chache tu, kijiko hakijai vizuri, wakati chupa moja ya kujazia nyingi zina mililita 65 au 70 na zinahesabiwa kwa maelfu ya kurasa. Utalipa zaidi siku ya kununua, sana tu, na hiyo pesa utairudisha kwenye wino polepole. Kwa familia ya kurasa kumi kwa mwezi nisingeishauri maana hiyo pesa hairudi. Kwa kurasa themanini za watoto na karatasi thelathini za lebo inarudi.

Ila shemeji akisema mtasahau habari ya wino amezidisha chumvi. Ya tanki ni printa ya wino kama ile ya mgonjwa wako, inakauka vile vile, tena kichwa chake mara nyingi kimefungwa ndani ya mashine, kikiziba kabisa huponi kwa kubadilisha katriji, ni fundi. Kwa hiyo kuna siku moja ya wiki, mpe yule mtoto wa kati kazi hiyo kwa kuwa ndo mwenye uchungu, aprinti karatasi moja yenye rangi zote nne, hata likizo. Na muizime kwa kitufe chake, msikimbilie swichi ya ukutani. Ukizima kwa kitufe kichwa kinarudi kwenye maegesho yake na kufunikwa kifuniko cha mpira, ukikata umeme ghafla kinaweza kubaki katikati ya njia mdomo wazi, na hapo ndo kukauka kunapoanzia. Watu wengi printa zao zimekufa kwa swichi ya ukutani na wanalaumu wino.

Na lile sponji nililokuambia, nalo hujaa. Mashine inahesabu, ikifika kikomo inagoma kabisa. Ulizia kama sponji au boksi la wino mchafu unaweza kulibadilisha mwenyewe, mpya nyingi siku hizi zina kiboksi cha kuchomoa. Kama muuzaji hajui unaongelea nini muombe afungue kitabu cha maelekezo.

Swali kubwa zaidi la kumuuliza, kwa ajili ya vidole vya wateja wako, ni hili, wino wa RANGI ni dai au pigimenti? Dai ni rangi iliyoyeyuka ndani ya maji, inazama kwenye karatasi, inang'aa vizuri kwenye picha, ikilowa inatoka kama ulivyoona. Pigimenti ni chembe chembe zinazokaa juu ya karatasi, zikikauka hazisumbuliwi na maji kirahisi. Ujanja uliopo ni kwamba nyingi za nyumbani zina nyeusi ya pigimenti na hizo tatu nyingine ni dai, muuzaji atakwambia ndiyo ina pigimenti na hatakuwa amedanganya. Wewe uliza zote nne. Zipo za tanki zenye pigimenti rangi zote, zinapanda bei kidogo na picha zake kwenye karatasi ya kung'aa hazina mvuto ule ule, lakini picha zako ni za sherehe mara chache, hizo peleka studio. Ukikosa, au bei ikikushinda, chukua ya dai na lebo uifunike kwa plastiki nyembamba angavu ya kubandika, ipite kidogo nje ya kingo za stika ili maji yasiingilie pembeni. Inachosha lakini inafanya kazi, na chupa inaonekana ya dukani. Na stika za karatasi tupu zenyewe zinavimba zikilowa hata wino uwe wa chuma, tafuta za plastiki zilizoandikwa za printa ya wino.

Mengine chap chap. Kuprinti pande mbili yenyewe, chukua, karatasi za watoto zitapungua. Waifai iwepo lakini iwe na waya wa USB pia, na nyingi zinashika waifai ya 2.4 GHz tu, si ile ya 5 GHz, ikigoma kuunganisha angalia hapo kwanza. Skana ya kioo inatosha, ile ya kumeza karatasi zenyewe hamna kazi nayo. Wino wa kampuni nyingine kwenye tanki utaingia tu, hakuna wa kuuzuia kwenye mashine nyingi, ila kwa lebo za biashara mimi ningebaki na wino wake maana kijani cha mwezi huu kinatakiwa kifanane na cha mwezi ujao. Na ile ndogo ya ofa ya muuzaji, kama ni ya katriji zenye chipu, kile kidude kinachoitambulisha katriji kwa printa, soma boksi lake vizuri, zipo zinazokataa katriji za watu wengine na zipo ambazo hazifanyi kazi bila intaneti.

Mume usimwambie kashindwa. Mwambie biashara ya sabuni ikikua mpaka lebo za maandishi tu, mia mbili mia tatu kwa mkupuo, leza yake itakuja na itapata meza yake.

Siku mkiileta, ijazeni wino hapo hapo itakapokaa, kwenye meza iliyonyooka. Msishtuke mkimaliza kujaza mkakuta tanki zimeshuka, wino umeingia kwenye mirija, hautashuka hivyo tena. Chupa nyingi mpya zina midomo isiyoingia kwenye tanki ya rangi nyingine, ila kuna ambazo hazina hiyo kinga, kwa hiyo mfungue moja, mmimine, mfunge, ndo mchukue inayofuata, na asimimine mtu anayeongea na simu. Na ikishajazwa shemeji asije akaazima akailaza kwenye buti ya gari.

Fundi